Njiti 21 na Noti ya Elfu Kumi: Dau la Baa Linalolipa na Lisilolipa

Shikamooni wakubwa. Vijana, habari za jioni.

Wengi mliomo humu ni watu wa kazi za usiku: wahudumu, ma-MC, wapiga muziki wa baa za Kijenge, Sakina na Njiro hapa Arusha, na wengine mmepanda gari kutoka Moshi. Mnataka kujua kama vimchezo vya kuwekeana dau mezani vinaweza kumpa mtu hela ya kueleweka. Vinaweza, ila hela hiyo haitoki mfukoni mwa aliyeshindwa. Inatoka kwa mwenye baa, ambaye meza yake imekaa saa moja zaidi na kuongeza raundi, na kwenye tipu ya watu waliofurahi. Kwa hiyo dau liwe dogo: aliyeshindwa anaagizia meza yake soda au bia, basi. Wewe malipo yako umeshapatana na mwenye baa kabla hujakaa.

Tuanze na njiti za kiberiti, maana huo ndio mchezo unaobeba usiku mzima. Mwaga njiti 21 mezani. Mnachukua kwa zamu, moja, mbili au tatu, na anayechukua ya mwisho ndiye mshindi. Siri ni namba nne. Ukimwachia mwenzako njiti nne amekwisha, kwa sababu hata achukue ngapi, zinazobaki unazimaliza wewe. Ukimwachia nane, lazima atafika kwenye nne. Hivyo hivyo 12, 16 na 20. Basi anza wewe, chukua moja, zibaki 20. Kuanzia hapo akichukua moja wewe chukua tatu, akichukua mbili chukua mbili, akichukua tatu chukua moja. Aking'ang'ania kuanza yeye, usibishane. Toa njiti moja umwashie mtu sigara, zibaki 20, halafu mkaribishe.

Watu hukosea wapi? Kwenye kuhesabu. Muziki uko juu, mhudumu anakuongelesha, unapoteza hesabu. Wapo wanaozipanga nne nne ili wasipotee. Hao wameuza siri. Ziache lundo, angalia tu zile zilizotolewa: kila zamu mbili, yake na yako, ziwe zimetoka nne. Pia usicheze na mtu mmoja zaidi ya raundi tatu, kwa sababu mtu makini ataanza kuona kwamba kila mara unamwachia nne. Akishaona, badilisha: sasa ruhusa ni hadi njiti nne kwa zamu. Yeye bado anawaza nne, wewe umehamia tano. Na 21 bado inakubali: chukua moja, zibaki 20, kisha kila zamu mbili zitoke tano.

Noti inahitaji mkono. Tandaza noti ya elfu kumi, pindua chupa tupu ya bia, mdomo ukae katikati ya noti. Dau ni kuitoa noti bila kuigusa chupa kwa mkono wala kuiangusha. Mteja atavuta kwa nguvu na chupa italala. Wewe shika ncha moja, uiviringe kwa vidole vya mikono miwili, taratibu, kama mkeka. Ule mviringo ukifika kwenye mdomo wa chupa unaisukuma kidogo kidogo, na noti inajitoa yenyewe. Hapa kinachoharibu ni maji. Chupa iliyotoka kwenye friji inatoa jasho, meza ina bia, noti inaganda. Futa meza, futa mdomo wa chupa, na tumia noti ngumu, maana iliyochakaa inakunjamana badala ya kusukuma. Mkono mmoja ukiutangulia mwingine, chupa inageuka na kuanguka. Weka mtu karibu wa kuidaka. Chupa iliyovunjika ni hasara ya mwenye baa, na yeye ndiye anayekulipa.

La glasi ni la haraka. Uliza: mzunguko wa mdomo wake na kimo chake, kipi kirefu? Karibu kila mtu atasema kimo. Glasi yenye mdomo wa sentimita 7.5 ina mzunguko wa takriban sentimita 23.5, wakati kimo ni kama 14. Unaweza hata kuipandisha juu ya pakiti mbili za sigara zilizolazwa, na bado uzi ukakupa ushindi. Ila pima kwanza kwa jicho: upana wa mdomo mara tatu. Glasi nyembamba ndefu, yenye mdomo wa 5.5 na kimo cha 18, itakuaibisha.

Dadu sizipendi kwa kazi hii, na nitawaonyesha sababu. Kuna dau la zamani la Ufaransa, lile linalotajwa kwenye barua walizoandikiana wanahisabati Pascal na Fermat mwaka 1654: kwamba ukirusha dadu mara nne, sita itatokea angalau mara moja. Uwezekano ni 671 kati ya 1,296, yaani asilimia 51.8. Uko upande mzuri, kweli. Lakini kwa dau la shilingi 1,000 faida yako ya wastani ni kama shilingi 35 kwa raundi. Cheza raundi 50, na karibu usiku mmoja kati ya mitatu bado utaondoka na hasara. Hiyo si kazi.

Na hapo ndipo pesa taslimu inapokuingiza matatani. Kuendesha kamari bila leseni ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha ni kosa kwa sheria ya mwaka 2003. Karata tatu, pata potea ya stendi, ni wizi mtupu: karata inabadilishwa mkononi na wanaoshinda ni wenzake na mchezeshaji. Msiiguse, na msikae meza moja na anayeicheza. Mtu aliyelewa sana msimwekee dau lolote, hata la soda, kwa sababu asubuhi atakumbuka kwamba alidhulumiwa.

Muda mzuri ni saa mbili hadi saa nne usiku. Siku ya mpira mna dakika 15 za mapumziko: njiti raundi mbili na glasi moja zinatosha. Noti isubiri filimbi ya mwisho, maana watu wakishangilia bao meza zote zinatikisika.