Kubadilisha Kibandiko cha Homoni: Yanayofaa Kuangaliwa Kabla ya Kufungua Pakiti Mpya

Mama zangu na dada zangu, nawashukuru kwa kuja kuketi hapa katika joto hili la Mombasa ili tuzungumzie jambo ambalo wengi wetu tumezoea kulinong'ona. Sitaeleza kwa kirefu kukoma hedhi ni nini, kwa sababu jasho la usiku, moyo kwenda mbio na usingizi kukatika mnavijua wenyewe. Nitajifunga kwenye suala moja: mwanamke anayetumia vibandiko vya homoni, vile vinavyobandikwa kwenye ngozi kutuliza dalili hizo, afanye nini anapolazimika kuacha aina aliyoizoea na kushika nyingine.

Kibandiko kilichopatikana mwezi uliopita huenda leo hakipo dukani, au binti aliye Uingereza ametuma alichokipata, na mama hujikuta ameshika pakiti yenye jina na umbo asilolijua. Hapo macho hudanganya. Kibandiko cha Evorel 50 kina eneo la sentimita mraba 16, na ndani yake mna miligramu 3.2 za estradioli, ambayo ni aina ya homoni ya estrojeni. Estradot 50 ina sentimita mraba 5 tu na miligramu 0.78. Hata hivyo, zote mbili zimetengenezwa zipitishe kwenye ngozi takriban mikrogramu 50 kwa saa 24, kwa kuwa tofauti yao imo katika namna dawa ilivyochanganywa na gundi. Anayekiona kidogo akadhani amepunjwa, akabandika cha pili kando yake, amejiongezea dozi maradufu, na matiti yakianza kuuma atailaumu dawa mpya bure.

Soma basi mikrogramu kwa saa 24, kisha usome siku. Evorel na Estradot hubadilishwa mara mbili kwa wiki, ilhali vingine, kama Climara, hukaa siku saba. Aliyetoka kwenye cha siku saba akaendelea na desturi yake ya kubadilisha kila Ijumaa ataimaliza wiki na kibandiko kilichoishiwa nguvu, na joto la ghafla litamrudia siku zilezile kila wiki. Dalili zikifuata kalenda namna hiyo, ziangaliwe kwanza siku za kubadilisha, kabla ya kuomba dozi kubwa zaidi. Kibandiko kipya cha dozi ileile huwekwa siku ambayo cha zamani kilipaswa kutolewa, bila kupumzika katikati na bila kuvaa viwili pamoja.

Sasa nije kwenye jambo ninaloliogopa kuliko yote. Evorel ya kawaida ina estrojeni peke yake. Evorel Conti ina estrojeni pamoja na norethisteroni, dawa ya jamii ya projesteroni inayopita kwenye ngozi mikrogramu 170 kwa saa 24, na anayetumiwa dawa kutoka mbali anaweza kuletewa moja badala ya nyingine. Mwanamke ambaye bado ana mji wa mimba akihamia kwenye estrojeni peke yake, bila kupewa projesteroni kwa njia nyingine, ukuta wa ndani wa mji huo huzidi kunenepa, na hatari ya saratani huongezeka. Mwenyewe anaweza kujisikia vizuri kabisa, jasho limekoma na usingizi umerudi, asione sababu ya kumwendea daktari. Nawasihi, neno moja likipungua au kuzidi kwenye jina la dawa, pakiti isifunguliwe mpaka daktari au mfamasia aisome, na mumwendee mkiwa na pakiti ya zamani mkononi. Matone ya damu katika miezi mitatu ya mwanzo baada ya kubadilisha si ajabu. Damu nyingi, au inayozidi miezi sita, au inayorudi baada ya kutulia, lazima ichunguzwe.

Kuhusu kushika kwenye ngozi, sisi wa Pwani tunapenda kujipaka mafuta ya nazi, na kibandiko hakishiki kwenye mafuta. Ukishaoga, jikaushe, kaa mbele ya feni mpaka jasho likauke, kisha ubandike chini ya kiuno, kwenye tako au nyonga, kamwe si kwenye matiti. Kandamiza kwa kiganja sekunde kama kumi, upitishe kidole ukingoni kote. Ile alama ya gundi inayobaki, iliyokwishanasa nyuzi za kanga, husuguliwa kwa mafuta kidogo, na kibandiko kinachofuata huwekwa mahali pengine.

Wapo walioniuliza kama waviondoe mwezi wa Ramadhani. Baraza la Kimataifa la Fiqhi, katika kikao chake cha Jeddah mwaka 1997, lilikata kwamba dawa inayofyonzwa na ngozi, vibandiko vikiwemo, haibatilishi saumu. Kwa hiyo endeleeni kubadilisha siku zenu kama kawaida, na mwenye shaka amuulize shehe wake kabla ya mwezi kuandama, ili asikatize dawa ghafla.