Mofa Haimfuati Mgeni

Assalaam alaikum. Kaeni, kaeni. Wa nyuma songeni mbele, sauti yangu si ile ya zamani. Historia ya Lamu sitawasomea; leo neno langu ni chakula cha njiani na namna ya kumfikisha mgeni kwacho. Nyote mwatembeza wageni na mwaijua. Tangu 2001 tulipoingizwa kwenye Urithi wa Dunia, kila kijana wa mji huu ajua kueleza mlango wa nakshi, kidaka cha ukutani na ukuta wa matumbawe. Mwulize mbaazi zauzwa saa ngapi mtaani Langoni, anakuna kichwa.

Na swali ndilo hilo: saa ngapi. Si wapi. Nimelisema mpaka mke wangu sasa analisema usingizini. Chakula cha mji huu kina saa zake. Mahamri na mbaazi za nazi ni baada ya alfajiri. Ukija saa tatu wakuta sufuria yasuguliwa. Viazi karai, bajia na mishkaki ni alasiri mpaka usiku. Mchana watu wako ndani wanakula wali wao na samaki wao, na njiani hakuna kitu ila punda. Na saa hiyo hiyo ya jua ndiyo nyinyi mnawatoa wageni! Kisha mnawaketisha pwani mbele ya piza, mnalalamika eti vyakula vya kienyeji vimekwisha.

Mimi mwenyewe nilikosea. Nikiwa kijana kama nyinyi, mgeni wangu mmoja alichoka miguu, akaniambia nimletee mkate wa mofa huko huko alikofikia. Nikaona kazi rahisi. Nikaenda kwa mama mmoja aliyekuwa akichoma uani kwake. Kazi yenyewe mwaijua: unga wa mtama, tanuri la udongo lina makaa. Mama achovya mkono kwenye bakuli la maji, achukua donge, aupenyeza mkono ndani, alibandika ukutani, pa! Mkono umetoka kabla moto haujajua. Nikanunua sita, nikazifunga kwa gazeti, nikashuka nazo. Njiani nikakutana na sahibu yangu, tukasimama tukazungumza habari za mashua. Robo saa tu, wallahi. Kufika, mgeni auma, haiumiki. Akaigeuza, akajaribu upande wa pili. Mwisho akaichovya kwenye chai, kwa adabu tu, akaniuliza kama hicho ndicho chakula cha safari ndefu za majahazi. Mofa ikipoa ni gae, wanangu. Haimfuati mgeni. Mgeni ndiye aifuate kwa miguu yake, aile amesimama mlangoni, yamuunguza vidole, samli yamtiririka mpaka kiwikoni.

Namwona mmoja pale atikisa kichwa: mzee, mgeni ataumwa na tumbo. Aumwe na nini? Kiazi kimetoka kwenye mafuta yanayochemka mbele ya macho yake. Ile saladi ya hotelini, nani kati yenu ameiona ikioshwa? Maji, hapo nakubali, mpeni ya chupa. Ukwaju wa barafu usubiri siku ya tatu.

Mwingine atasema tuchore ramani. Ramani ya nini? Mama anayekaanga leo, kesho ana harusi ya mwanawe, hakaangi. Siku hiyo ramani yako itakupeleka kwenye mlango uliofungwa. Tumia pua. Uliza watoto, wao hawakosei.

Nilitaka kuzungumzia maji ya mji huu, yanayokaa chini ya vilima vya mchanga vya Shela, kijiji jirani, maana michanga ile ikijengwa hata hiyo chai ya kuchovyea mofa hatutaipata. Lakini muda umekwenda. Juu ya kamisheni nina neno moja: mama wa viazi usimdai. Yeye ahesabu sarafu, na wewe umeshalipwa na mgeni.

Kesho tunatembea. Baada ya sala ya alfajiri, hapa mbele ya Ngome, kisha tuufuate Usita wa Mui, njia kuu ya mji, mpaka Langoni. Njooni na chenji. Mama wa mbaazi hana pa kuivunja noti ya elfu saa kumi na mbili asubuhi, na mimi simlipii mtu.