Msimpime Mgonjwa Juu ya Koti

Asanteni, kaeni. Mlionisikia mwaka jana mnajua naanzia wapi, na mnaocheka huko nyuma nimewaona. Ndiyo, siti skani tena, ile picha inayoupiga uso kipande kwa kipande, maana ndiyo inayotupimia kipandikizi, kile kipande cha kujazia mfupa uliovunjika.

Nilimpokea kijana wa bodaboda, shavu limebonyea, jicho limezama, anaona viwili viwili. Kaingia amekumbatia bahasha kubwa ya filamu kama mtu mwenye hati ya kiwanja. Filamu! Kompyuta ya kuchorea kipandikizi ifanye nini na filamu? Inataka data zenyewe. Na data tulipozipata, kwa kuzungushwa siku nne, vipande vya picha vilikuwa na unene wa milimita 5.

Jamani, ule mfupa unaolibeba jicho unene wake haufiki hata milimita 1. Ukipita na vipande vya milimita 5 umeuruka bila kupiga hodi; kwenye skrini utaona tundu hata pale mfupa ulipo mzima. Fundi wa Kariakoo akikupima juu ya koti, suti isipokukaa usilaumu mkasi. Tukarudia skani, vipande vya chini ya milimita 1, na kijana akalipa tena. Nilimkuta koridoni amefumba jicho moja ili aweze kusoma risiti.

Data zikiwa safi, kazi inakuwa tamu. Unachukua upande mzima wa uso, unaugeuza kama kwenye kioo, unaulaza juu ya upande uliovunjika. Pengo linalobaki ndilo umbo la kipandikizi. Leza inayeyusha unga wa metali ya titani, tabaka juu ya tabaka, hadi kipande kikamilike.

Kuna mtu hapo anasema moyoni, "Si tukunje bamba la kushikilia mfupa kwa mkono?" Kunja. Nimekunja miaka mingi, na kesho nitakunja tena. Ila chukua waya, ukunje, ukunjue, ukunje: unakatikia wapi? Pale pale. Na bamba ukilifunga kwenye taya, taya hilo litatafuna makande.

Mwili kuikataa titani? Brånemark, yule mtafiti Msweden, miaka ya 1950 alitaka kuvichomoa vifaa vyake vya titani kwenye mifupa ya sungura, vikagoma. Mfupa ulikuwa umeshavikumbatia. Tuendelee.

Bei... mwenyekiti ananionyesha saa. Haya, bei mtaniuliza kwenye maswali. Lakini wewe utakayejaza fomu ya siti skani leo mchana, andika unene wa vipande. Kwa tarakimu, na mwandiko unaosomeka.