Mstari wa dagaa: mhadhara kwa wafanyabiashara wa soko la mwaloni, Kirumba, Mwanza

Mwangaluka, mama zangu! Mwangaluka, vijana! Najua wengi wenu mko mwaloni tangu alfajiri, na wengine mmeacha dagaa juani mkaja hapa, kwa hiyo sitawachosha. Nina mstari mmoja tu wa kuchora.

Waliopita sekondari wanaikumbuka y = mx + c. Tulifundishwa kwa Kiingereza, tukaiimba kama kiitikio, mtihani ulipokwisha tukaiacha getini. Wamarekani huandika b mahali pa c, herufi haina neno. Leo tuitie kwenye ndoo.

x ni idadi ya ndoo za dagaa wabichi unazonunua kwa mwezi. y ni faida yako mwezi ukiisha. Bei nitakazotaja ni za mfano, asije mtu kunishika kesho akidai nimemharibia soko.

Tuseme ndoo unainunua shilingi 10,000. Kubebewa na kuanikiwa, 1,000. Mfuko na usafiri, 1,000. Jumla 12,000. Dagaa wa ndoo hiyo wakikauka unawauza 16,000. Kila ndoo imekuachia 4,000, na hiyo ndiyo m. Vitabu vya Kiswahili huiita mteremko, jina linalonichekesha kidogo, maana mtaani mteremko ni kitu cha bure, na isitoshe sisi tunataka mstari upande! Fikirieni mnapanda kilima kwenda Bugando kwa miguu: kila hatua ya mbele, umepanda juu kiasi gani? Hapa hatua yetu ni ndoo.

Ukimuuliza mfanyabiashara wa dagaa anapata nini, atakutajia m. "Napata elfu nne kwa ndoo." Hakudanganyi. Lakini hajakuambia alianzia wapi.

Eneo la kuanikia na stoo unalipia 150,000 kwa mwezi. Mlinzi 90,000. Hizo ni 240,000, na hazijali umenunua ndoo mia au hujanunua hata moja. Hiyo ndiyo c, nayo ina alama ya kutoa mbele yake. Kwenye karatasi ni pale mstari unapokata mhimili wa wima, chini ya sifuri. Tarehe moja asubuhi, kabla hujafungua mkoba, uko shimoni kwa 240,000.

Basi mstari wako ni huu: y = 4,000x − 240,000.

Utatoka shimoni lini? Gawanya 240,000 kwa 4,000, unapata ndoo 60. Ya sitini na moja ndiyo ya kwanza kukulisha wewe. Zile sitini za mwanzo zote zilikuwa za mwenye stoo na mlinzi.

Sasa mwezi, huu wa mbinguni. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, zamani karabai, siku hizi nyingi ni za sola. Mbalamwezi ikiwaka ziwa zima, taa haziwavuti tena dagaa, na mitumbwi inalala. Mnalijua hilo kuliko mimi. Ninachoongeza ni kwamba mitumbwi ikilala x inasimama, lakini c haisimami, mlinzi anakula hata usiku wa mbalamwezi. Tukisema umebaki na siku 20 za kazi, ndoo 60 ni tatu kila siku ili tu usipate hasara. Ukinunua tano kila siku zinakuwa 100, na faida ni 160,000. Anayegawa ndoo zake kwa siku 30 anajiona yuko salama kwa ndoo mbili. Ndoo mbili kwa siku 20 ni 40, na hapo umepoteza 80,000.

Masika ndiyo yana balaa zaidi. Mvua ikiwakuta dagaa chini, wanaoza nusu, wanakwenda kuwa chakula cha kuku. Tuseme unapata 9,000 mahali pa 16,000. Gharama ya ndoo bado 12,000. Sasa m ni −3,000, na mstari unateremka kwelikweli. Nimeona watu siku hizo wanaongeza ndoo ili "kufidia". Kila ndoo unayoongeza inakuzamisha 3,000 zaidi. Siku ya namna hiyo, bora ukae nyumbani.

Ndipo linakuja swali la vichanja, zile meza za kuanikia dagaa juu ya ardhi. Ukikodi vichanja vya juu kwa 160,000 zaidi, c inashuka hadi −400,000. Lakini dagaa wasio na mchanga wanauzwa, tuseme, 18,000, na m inakuwa 6,000. Ipi bora? Mistari hiyo miwili inakutana kwenye ndoo 80, na pale kila mmoja unakupa 80,000. Chini ya ndoo 80, endelea kuanika chini kwenye nyavu, usione haya. Ukizidi, kodi vichanja. Anayekushauri vichanja bila kukuuliza unanunua ndoo ngapi, huyo anauza vichanja.

Swali? Ndiyo, mama.

(Mama mmoja: "Mwalimu, mume wangu anachota dagaa stoo kila siku. Huyo ni m au c?")

Jamani, msicheke, ni swali la maana kuliko yote niliyosema. Akichota sahani ileile, dagaa wawe wengi au wachache, huyo ni c. Wakija wengi naye akaongeza mkono, huyo ni m. Mwangalie wiki mbili, mama, na uandike kwenye daftari kila siku, usimwambie.