Shingo ya Ndoana: Kusubu Jigi Isiyoachia Mkia

Shikamooni wazee wangu. Vijana, hamjambo.

Kabla sijasema lolote, naomba hiki kikopo kizunguke. Humo mna jigi kumi na moja, zote nimezisubu mwenyewe uani kwangu, kila moja na mkia wake wa plastiki. Ikikufikia, shika ndoana kwa mkono huu na mkia kwa mkono huu, halafu vuta kwa mkupuo kama samaki anavyovuta. Angalieni ncha, zinachoma. Mkia ukichomoka, baki na jigi hiyo mkononi, tutairudia.

Kwa asiyezijua, jigi ni ndoana iliyosubiwa chubwi kichwani, yaani kizito cha risasi iliyoyeyushwa na kumiminwa. Katika mshipi wa mkono tuliouzoea, chubwi iko mbali na ndoana, na chambo ni kipande cha ngisi. Hapa chubwi na ndoana ni kitu kimoja, na badala ya ngisi unavisha mkia laini unaochezacheza majini. Unaishusha mpaka mwambani, unainyanyua kidogo, unaiacha ianguke. Mara nyingi samaki huikamata hapo inapoanguka.

Sasa kero yenyewe. Umetia nanga mlangoni mwa hori ya Mtwapa, bamvua, maji yanatoka kwa kasi. Kolekole anagonga, anauma nyuma kabisa ya mkia, hashikwi. Wewe unaendelea kuvua, roho inakudunda, unajua wapo. Kumbe kule chini mkia umeshateleza, umejikunja kwenye mpindo wa ndoana kama soksi iliyolowa. Jigi inazunguka ovyo, mshipi unajisokota, na hakuna samaki mwenye akili atakayeisogelea. Robo saa imepotea, na maji ya kuvulia hayakusubiri.

Watu wengi wakifika hapo hukimbilia gundi. Na mimi nilikimbilia. Nilimaliza vichupa vya supaglu, vidole vikagandana, mikia ikaendelea kuteleza. Gundi ina kazi yake, nitaieleza, lakini ikiwa chini ya kichwa cha jigi uti wa ndoana ni mtupu na mwembamba, unaibandika gundi kwenye sindano. Kinachoshika mkia ni shingo: ile sentimita moja nyuma ya kichwa. Huko ndiko nataka tukae leo, mengine nitayapitia mbiombio.

Ukitazama jigi za dukani, nyingi shingo yake ni ya risasi ileile, imetolewa kijino kimoja kilichosimama. Kijino cha risasi ni kinene. Kikiingia kwenye plastiki kinachana njia, na kila ukiuvuta mkia kuurudisha mahali pake, njia inapanuka. Mara ya tatu shimo limekuwa kubwa kuliko kijino. Kwa mkia mgumu kinafaa. Kwa mikia laini tunayoipenda, ile inayotikisika hata maji yakiwa mafu, hakifai.

Waya ni habari nyingine, kwa sababu waya unatoboa bila kuchana. Nachukua waya wa chuma kisichoshika kutu, unene kama milimita 0.8, nakata kipande cha sentimita mbili. Tazameni hapa, sogeeni kidogo. Naulaza juu ya uti, sambamba na ndoana, upande mmoja ukigusa kichwa cha risasi. Nafunga kwa uzi wa kusuka, mizunguko kumi na miwili, nikivuta kila mzunguko mpaka uzi unalia. Tone moja la supaglu juu ya uzi; hapo ndipo gundi inapopata kitu cha kushika. Baki ya waya, kama milimita nne, iko nyuma, inaelekea mpindo. Naikamata kwa koleo na kuikunja kuirudisha, mpaka ncha yake inainuka kidogo na kutazama kichwa cha jigi.

Kichwa, narudia. Za kwanza kabisa nilizitengeneza kinyume, ncha zikitazama mpindo, kwa sababu machoni zilionekana kali zaidi. Kuvisha mkia ilikuwa vita, na ukishauvisha unatoka kama ulipakwa mafuta. Nilizitupa ishirini. Fikiria mwiba wa mshale: mkia unapanda kutoka mpindo kwenda kichwani, basi mteremko wa waya uupokee kwa upole, ukitaka kurudi, ncha iukabili. Mkia unapita kwenda, haupiti kurudi.

Asiye na waya atumie mshipi mnene wa nailoni, ule wa kilo arubaini na zaidi. Vipande vyake vimejaa pwani bila bei. Funga viwili, kushoto na kulia, vikate vikiwa vifupi kama ndevu za siku mbili, navyo pia vitazame kichwani. Havishiki kama waya, ila haviumizi plastiki kabisa, na kwa mikia midogo mimi navipenda zaidi. Ipo pia skrubu, ile springi inayoning'inia kichwani unayoizungusha ndani ya mkia. Inashika sana. Lakini hakikisha ni chuma cha baharini, maana ya bei rahisi ikipata chumvi wiki mbili inavunjika mkononi.

Nani ametoa mkia? Wewe, kijana wa fulana nyekundu? Lete. Ahaa. Hii nimeiweka makusudi: haina waya, ina gundi tu. Haya, endeleeni kuvuta hizo kumi.

Sasa kalibu, yaani chombo cha kumiminia risasi ichukue umbo la jigi. Mafundi wenye uwezo huchonga aluminiamu, nayo hudumu maisha. Mimi natumia kitu ambacho bahari inakitupa bure: mfupa wa dome, yule ndugu wa ngisi. Ule mweupe, mwepesi, unaoupata ufukweni na watu huwapa ndege wa kufugwa. Masonara huusubia fedha tangu zamani, na risasi inayeyuka kwenye nyuzijoto 327 tu, chini kabisa ya fedha. Kata mfupa vipande viwili, visugue nyuso zake kwenye sakafu mpaka vikutane bila mwanga kupita. Weka jigi unayoipenda katikati, bana taratibu, na mfupa utaachia kama jibini, uchukue umbo lote mpaka mikwaruzo. Chora mfereji wa kumiminia juu, na njia mbili nyembamba za hewa. Laza ndoana mpya mahali pake, funga kwa waya, mimina. Utasikia harufu kama ya nywele zilizoungua; usishtuke. Kalibu moja inatoa jigi moja, mbili ukibahatika, na kila jigi inatoka na mistari myembamba ya mfupa kama magamba. Mimi siisugui ile mistari. Samaki hajawahi kulalamika.

Mfupa uwe mkavu, ndoana iwe kavu, kijiko kiwe kikavu. Tone la maji likikutana na risasi iliyoyeyuka linageuka mvuke papo hapo na kuirusha usoni. Vaa miwani, viatu vya kufunika, na jiko likae nje, upepo ukija mgongoni kwako. Sufuria ya risasi isirudi jikoni tena, hata ioshwe mara mia. Watoto wawe mbali, na nguo za kazi zisilale kitandani.

Na betri za gari msizipasue kutafuta risasi. Sisi wa Mombasa hatuhitaji kusimuliwa na wageni. Owino Uhuru ni hapa hapa. Kiwanda kiliyeyusha betri ukutani mwa mtaa, watoto wakapimwa damu ikakutwa na risasi. Phyllis Omido aliyewapigania alipewa tuzo ya mazingira ya Goldman mwaka 2015, na mwaka 2020 mahakama ya mazingira hapa mjini ikaamua wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3. Jigi haina thamani hiyo. Tumieni vile vizito vidogo wanavyobandika kwenye rimu wakibalansi magurudumu. Siku hizi baadhi ni zinki, ambayo inahitaji nyuzijoto 419, basi usizidishe moto: risasi itayeyuka, zinki itabaki juu inaelea, uichote utupe. Anayeweza kupata bati, ile metali ya kulehemia, si mabati ya kuezekea, asubu bati. Linayeyuka kwa 232, na halina sumu ya risasi. Kasoro yake ni wepesi, kwa hiyo jigi ya uzito uleule itakuwa nene zaidi na itazama polepole. Kwa maji mafu hilo ni jambo zuri.

Kuvisha. Usichome kwa kubahatisha. Laza mkia kando ya ndoana, pua ikigusa kichwa, tazama mpindo unaishia wapi, weka alama kwa ukucha. Ncha iingie katikati kabisa ya pua, itokee kwenye alama. Ikitokea pembeni hata kwa upana wa punje ya mtama, mkia utalala upande na jigi itazunguka. Ukibakiza nusu sentimita kufika kichwani, dondosha supaglu shingoni, sukuma, hesabu mpaka kumi. Ila kuna mikia inayovutika kama mpira wa manati. Hiyo supaglu haiikamati vizuri, itegemee waya. Na usiichanganye boksi moja na mikia ya kawaida. Utafungua siku ya pili ukute uji.

Nitapokea maswali. Mzee wangu, karibu.

Mzee anauliza kuhusu samaki wenye meno makali, bunju na kikande. Kwa wasiomsikia: anasema shingo iwe ya waya, iwe ya chuma, bunju anakuja anakata mkia kama mkasi, na kikande naye vilevile, unapandisha kichwa kitupu.

Mzee, hapo sina dawa. Meno ya bunju hayavuti, yanakata, na shingo yangu nimeitengenezea kuvutwa. Ninachofanya: mkia ukirudi umekatwa mviringo safi, kama umepigwa kwa kisu, najua ni yeye. Sibadilishi mkia wa pili pale. Napandisha nanga, nasogea hatua hamsini. Kile kipande kilichobaki shingoni nakiacha hapo hapo, nakifunga manyoya ya kuku kwa uzi kukizunguka, naendelea kuvua nacho. Changu wawili wa juzi walikula hiyo.

Kikopo kimefika wapi? Zihesabuni tafadhali, ziwe kumi na moja.