Wafuasi Elfu Arobaini, Wateja Wangapi?

ZUHURA: Karibu tena msikilizaji. Leo tunazungumzia soko la mtandaoni linakoelekea. Kaka Baraka, juzi uliniambia muuza vitenge wa Kariakoo anaweza kuwa na wafuasi elfu arobaini na bado asiwe na namna ya kumpata mteja hata mmoja.

BARAKA: Narudia, dada. Wale wafuasi wako mikononi mwa Instagram. Mtandao ndio unaoamua posti yako imfikie nani, na ukitaka iwafikie wengi, unalipia. Akaunti ikifungiwa asubuhi, mchana huna pa kumpata hata aliyenunua jana.

ZUHURA: Lakini matangazo ya kulipia yamewainua wengi. Unaweka hela kidogo, simu zinaanza kuita.

BARAKA: Kweli kabisa, nami siwaambii waache. Ila kumbuka Aprili 2021. Apple iliweka swali kwenye iPhone: unaruhusu programu hii ikufuatilie huko kwingine unakopita? Wengi wakakataa, na matangazo yakawa na kazi ngumu kumlenga mteja. Mwaka uliofuata Meta, wenye Facebook na Instagram, wakakadiria kwamba mabadiliko hayo yangewapunguzia mapato ya kama dola bilioni 10 kwa mwaka 2022 peke yake. Kampuni kubwa vile imetikiswa na uamuzi wa kampuni nyingine! Sasa wewe mwenye fremu moja Mtaa wa Kongo?

ZUHURA: Na Google na vile vidakuzi vyao?

BARAKA: Vile vijifaili vinavyomfuata mtu tovuti hadi tovuti. Mwaka 2020 walitangaza kuviondoa kwenye Chrome, kivinjari chao, wakaahirisha mara kadhaa, Julai 2024 wakaghairi. Mfanyabiashara atapanga vipi mambo yake hapo? Ndiyo maana nasema awe na daftari lake la wateja: jina, namba, alichonunua. Mtu akilipa kwa simu, huenda namba tayari unayo...

ZUHURA: Hapo nikusimamishe. Nimekulipa, sijakupa ruhusa ya kuniamsha alfajiri na ofa zako.

BARAKA: Uko sahihi, na hilo nalichukulia kwa uzito. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, Kenya wana yao ya 2019. Muulize mteja akiwa bado dukani: dada, mzigo mpya ukiingia nikutumie picha? Akisema hapana, namba yake usiiguse. Akikubali, umepata kitu ambacho hakuna mtandao utakaokunyang'anya, hata WhatsApp ikibadilisha masharti kesho.

ZUHURA: Na akili mnemba? Siku hizi mtu anaiuliza ChatGPT anunue nini, wapi.

BARAKA: Basi tuanze na "bei njoo inboksi". Hizi programu hujibu kwa yale yaliyoandikwa wazi mahali zinapoweza kusoma. Bei imefichwa, vipimo hamna, mahali pa duka hamna. Itakutaja kwa lipi? Andika bei, aina ya kitambaa, mtaa, na saa za kufungua.

ZUHURA: Wauzaji wanaogopa washindani wataiona bei.

BARAKA: Mshindani anamtuma kijana wake aje aulize, dakika tano anaijua. Anayebaki gizani ni mnunuzi.

ZUHURA: Mimi nikiona "njoo inboksi" napita, natafuta duka lingine.

BARAKA: Na muuzaji hatajua kwamba ulipita.