Aliteleza Kwenye Mawese: Maongezi ya Kigoma Kuhusu Ajali Kazini na Kurudi Kazini

Habari za asubuhi ndugu zangu, wakubwa zangu shikamooni. Naona hapa mbele wapo makuli, wapo madereva, wapo akina mama wa kwenye ghala la dagaa, na kule nyuma manyapara na watu wa ofisini wamejitenga kidogo, naomba msogee jamani maana leo naongea na nyie wote.

Kazi yangu miaka yote hii ni kufuatilia ajali za kazini. Mtu akiumia naenda kuangalia ilikuwaje, halafu baadae nakaa na mwajiri wake na daktari tuone anarudije kazini. Wengi wanachukulia kama kazi mbili, moja ya kipolisipolisi na nyingine ya huruma. Mi naona ni moja, yale maswali unayouliza siku ya ajali ndo hayohayo yatakayomrudisha mtu kazini, na usipoyauliza mapema ujue hata kurudi kwake kutakuwa kwa kubahatisha.

Kuna kaka mmoja kuli wa hapahapa ziwani, gati na kampuni sitaji. Ilikuwa masika, wanapakia saruji kwenye boti la kwenda Kongo, mfuko wa kilo 50 begani, anapanda ubao. Akateleza, mfuko ukamvuta, akaangukia bega la kulia. Wenzake wakamwinua, nyapara akampa hela ya dawa, akapandishwa bodaboda akaenda zake nyumbani Ujiji. Fomu imekuja kujazwa siku ya tano, na mtu wa ofisini ambae hata hakuwepo, na kwenye maelezo ya ajali ameandika maneno matatu tu: aliteleza kwa uzembe.

Nilipofika nikaomba nionyeshwe ule ubao. Nikachuchumaa, nikapitisha kidole kwenye nyufa za mbao, kidole kikarudi chekundu. Mawese. Kumbe asubuhi ya siku ile kabla ya saruji yalipita madumu ya mawese, moja likawa linavuja, wakamwagia maranda juu kisha mvua ikanyesha, na huyu kaka miguuni ana yeboyebo kwasababu buti hajawahi kupewa. Nikauliza watu watatu, kila mtu peke yake, dumu lilivuja saa ngapi, nani aliambiwa, ubao una vipande vya kukanyagia au hauna, yeye alikuwa kwenye mfuko wa ngapi. Wa 80 na kitu, wote watatu wakasema hivyo. Sasa mtu aliyepandisha saruji mara 80 kwenye ubao wenye mafuta unamwandikia uzembe? Iliniuma sana, na mpaka leo nikiona hilo neno kwenye fomu nasimama kwanza.

Wapo wanaodanganya pia, nisiwafiche. Mtu kaumia goti mpirani jumapili, jumatatu anakuja kuangukia getini. Lakini huyo huhitaji kumfuata na kamera mtaani kwake kama mwizi. Angalia kadi ya hospitali ya siku ya kwanza, tarehe, saa, na alichomwambia daktari kabla hajawaza habari ya fidia, kisha waulize waliokuwa nae zamu. Ukweli mara nyingi uko hapo, na mara nyingi zaidi unamkuta mtu anasema kweli.

Kwa upande wa sheria nipite haraka. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, upo kwa sheria ya 2008 na michango ilianza 2015. Anaechangia ni mwajiri, kwa sasa asilimia 0.5 ya mishahara, wewe hutakiwi kukatwa hata shilingi. Mwajiri akishapata habari ya ajali ana siku 7 za kutoa taarifa, na madai yanatakiwa yafike ndani ya miezi 12. Hapo kwenye miezi 12 ndo watu wanaumia mara ya pili, mwajiri anakwambia tumalizane wenyewe kimyakimya, anakulipia hospitali mara mbili tatu, simu zinaanza kutopokelewa, ukishtuka mwaka umeisha. Ukiwa huwezi kufanya kazi kwa muda unalipwa asilimia 70 ya mshahara, mwisho miezi 24. Ulemavu wa kudumu ukipimwa ukaishia asilimia 30 unapewa mkupuo, yaani hela yote kwa mara moja, ukizidi hapo ni pensheni ya kila mwezi.

Turudi kwa kaka yetu. Hospitali walimpa ED, yaani karatasi ya kupumzika kazi, wiki mbili halafu wakaandika apewe kazi nyepesi. Nyepesi ipi? Nyapara yeye kazi nyepesi anayoijua ni kufagia ghala, na kufagia kwa bega lililochanika msuli ni kumuumiza upya, siku ya kwanza tu alirudi nyumbani mkono haunyanyuki. Nikachukua karatasi nikaandika kila nilichokipata kwenye ule uchunguzi, kilo 50, hatua 30 toka kwenye lori, ubao unapanda, mkono umenyanyuliwa kushika mfuko ulioko begani, mara 80 kwa siku, nikampelekea daktari. Akasoma akaweka kalamu chini, akasema mimi nilijua anabeba mizigo tu. Akaandika upya: asinyanyue chochote kupita usawa wa bega, asizidishe kilo 5, kusimama na kutembea na kuandika anaweza, aanze mazoezi ya viungo. Hapo sasa ndo mwajiri ana kitu cha kufanyia kazi.

Akapewa kazi ya karani wa kuhesabu mifuko, nusu siku kwanza. Ila kabla ya hapo nilimwomba nyapara aende kwake, maana wiki tatu hakuna mtu wa kazini aliyekanyaga pale. Alienda na kilo mbili za sukari, wakakaa kwenye mkeka nje, na yule kaka akaniambia baadae kwamba siku ile ndo alijua bado ana kazi.

Mama mmoja hapa ameuliza kama kibarua asiye na karatasi nae ana haki. Mama yangu, makubaliano ya mdomo nayo ni ajira, we andika siku ulizofanya kazi, nani alikulipa, na wenzako wa zamu ni akina nani.

Na wewe kijana uliyeuliza kama huyo kaka amerudi kwenye saruji, bado. Mkono unafika usawa wa sikio, daktari anasema tusubiri. Ila ule ubao umepigiliwa vipande vya kukanyagia, yeye ndo aliwaonyesha mafundi vikae wapi, na dumu linalovuja akiliona anasema lirudishwe kwenye lori, hata boti lichelewe.